Pete Alizozifunga Bi Salha

Bi Salha Mwidani wa Jomvu Kuu ameshona kofia za viua kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake ni matundu. Kila tundu hudungwa kwa sindano, kisha huzungushiwa uzi mpaka duara lifunge. Duara likiachwa wazi hufumuka, na fundi anayeliacha wazi amemdhulumu mvaaji. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mamake.

Nafula alitoka Bungoma kuja kusoma fizikia chuoni, akapanga chumba kwa Bi Salha. Alikuja mpangaji, sasa ni mwana. Siku moja alitia kijiko kwenye gilasi ya maji.

"Bibi, si kinaonekana kimepinda?"

"Chapinda tangu nizaliwe."

"Sasa kuna kitu, ukikitengeneza vizuri, mwangaza hupindia upande wa pili kabisa. Maji hayawezi, kioo hakiwezi."

"Astaghfirullahi! Uchawi huo."

"Ni mpangilio tu, Bibi. Kama kofia yako."

Akaeleza. Shaba ni shaba ile ile ya waya wa umeme. Lakini mwangaza ni wimbi, na ukiikata shaba iwe pete ndogo kuliko wimbi lenyewe na kuzipanga safu kwa safu, wimbi halizioni moja moja. Huziona zote kama kitu kimoja kipya, na hutii kitu hicho. Pete za mwangaza zingekuwa ndogo kuliko unene wa unywele mara mamia. Kwa hiyo Nafula angetumia mawimbi marefu kama kiganja, jamii moja na mwangaza, na pete za ukubwa wa kifungo cha shati, zishonwe kwenye vitambaa vitakavyopangwa kama kurasa. Huo ndio uliokuwa mtihani wake wa mwisho.

"Leta," akasema Bi Salha. "Kupanga safu najua."

Nafula akampa pete na kitambaa kimoja cha mfano, akaenda darasani. Kwa wiki mbili bibi alishona, miwani puani, na safu zake zilinyooka kama jamaa msikitini.

Siku ya kupima chuoni, wimbi lilipita moja kwa moja kana kwamba hakuna kitu. Nafula alirudi na vitambaa alasiri, akaketi kwenye mkeka bila kuvua viatu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Imekataa. Kesho kutwa ndiyo siku ya kuwasilisha. Mwanafunzi mwenzangu Maxwell ananiambia niandike tu namba za kitabuni, hakuna atakayejua."

"Na wewe wataka?"

Nafula akavisukuma vitambaa mbali naye.

Bi Salha akavuta vitambaa, akavitazama kwa upande wa mbele, kisha akavigeuza. Akaweka kile cha mfano kando ya vyake. Katika mfano, kila pete ilikuwa na pengo jembamba. Katika vyake, hapakuwa na pengo hata moja.

Angeweza kuvikunja na kuulaumu waya. Hakuna ambaye angemshuku.

"Mwanangu," akasema, "mimi ndiye niliyekuharibia. Niliona pete ziko wazi, nikadhani waya ulikupungukia. Nikazibana ncha, nikafunika kwa uzi. Wallahi nilikuwa najionea raha kukusitiri."

Nafula akatazama, mkono mdomoni. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwegemea bibi begani.

"Bibi, pengo ndiyo kazi yenyewe! Pete iliyofungwa hailijibu wimbi."

"Ningejuaje? Kwetu pengo ni aibu."

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, walianza kufungua. Bibi alikata uzi, Nafula aliachanisha ncha kwa koleo. Bibi alipofikia kitambaa cha mwisho, Nafula akamzuia.

"Hiki kiache kimefungwa. Nitavipima vyote, kilichofungwa na vilivyofunguliwa, niandike nani alizifunga pete na kwa nini. Ndio ushahidi kwamba siri iko kwenye pengo."

"Na jina langu utaliandika?"

"Nitaandika 'fundi mshonaji'."

"Andika jina. Kosa langu lina mwenyewe."

Adhuhuri Nafula alivipeleka vitambaa chuoni. Saa tisa alasiri simu iliita. Bi Salha alikuwa na kofia magotini.

"Bibi, limepinda!"

"Upande gani?"

"Upande ule usio wake!"

"Alhamdulillahi," akasema, akamalizia kulifunga tundu alilokuwa nalo mkononi.