Nilivyompokea mchumba wa binti yetu, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia, kwa kiti cha plastiki getini

Wakuu, habari za Jumapili. Nimejifungia ndani kama kawaida yangu, chai pembeni, nawaletea jambo lililonikuta mwenyewe hapa Joburg. Sijaongeza chumvi, hata bila chumvi linaniaibisha vya kutosha.

Mimi mtu wa Tanga, naishi Mayfair. Natoka nyumbani kwa sababu mbili: msikiti na mkate.

Kaka yangu alifariki, nikamlea binti yake, Zuhura. Walii wake ni mimi, na alishasema hataolewa kwa kuniruka.

Siku moja akaniambia kuna mchumba, Idrisa, anakuja kujitambulisha.

"Anafanya kazi wapi?"

"Shirika la umeme la serikali."

Nikacheka. Hao hao wa mgao? Kumbe bado. Yuko kule Cape, kwenye kituo chao cha nyuklia.

Wakuu, mimi ni Form Four, na fizikia nilipata F ya huruma. Nyuklia nilijua ni kitu kinachomuotesha mtu jicho la tatu. Nikaanza kuwaona wajukuu wanang'aa gizani.

Siku ilipofika nikaweka kiti cha plastiki karibu na geti, upepo upite. Mimi nikakaa mlangoni, hatua kama sita.

Kijana akaja, kanzu safi, na samaki wa Cape kwenye cooler box. Samaki nikaagiza wapelekwe kwa jirani fasta.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Kaa hapo hapo."

Zuhura akanitupia jicho ambalo kama lingekuwa na mionzi, huu uzi msingeusoma.

Nikauliza bila kuficha: nikikupa binti yangu, hutamletea hayo madude ya kazini?

Akatabasamu. Kumbe kazi yake ndiyo hiyo, kupima mionzi. Anavaa kipimo kifuani zamu nzima, na wakati wa kutoka anapita kwenye mashine. Ikilia, haendi nyumbani.

Halafu akanyoosha kidole nyuma ya ukuta wangu, kwenye lile lundo la njano la mchanga wa mgodi.

"Baba mdogo, dhahabu ya hapa ilitoka ardhini pamoja na urani, madini yale yale ya nyuklia. Kidogo imebaki mle, na vumbi lake linaingia humu. Mimi napimwa kila siku. Wewe anakupima nani?"

Eish! Miaka yote hiyo vumbi lile nalifuta kwenye TV kwa mkono wa shati.

Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. "Idrisa, sogea mbali na huyo mzee!"

Nikainuka, nikakibeba kile kiti mwenyewe mpaka sebuleni. Jibu langu la posa likawa hilo.

Samaki nilituma mtu akawaulizie kwa jirani. Walishakaangwa, na alishukuru sana.

Wameoana, wanaishi kule kule Cape. Nilichojifunza: kijana wa watu nilimhoji wee, hofu yangu mwenyewe sikuihoji hata siku moja.

Siku hizi Agosti upepo wa vumbi ukianza, Zuhura anapiga simu: "Baba mdogo, umefunga madirisha?"

Nafunga, wakuu.

Haya, na nyie mkwe wenu mlimkalisha wapi? Semeni tu, nipo, siendi kokote.