Ukurasa wa Sita Uliokatwa kwa Wembe

(Barua ya musomaji wa Kisangani. Jina lake tunalo, hatulitoi.)

Ndugu wa ukurasa huu, munifichie jina, na mukisha kuchapa barua hii muichome. Musiniambie munaiweka mahali pazuri. Maneno hayo nimeyasikia. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha, musijisumbue kutafuta yapi.

Mimi ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na nane, mushonaji, naishi Tshopo na watoto wangu wawili. Niko na mudogo wangu mumoja, mwanamuke, tulitoka tumbo moja. Bwana yake ni dereva wa lori, na alikuwa anamupiga. Sisemi kofi la siku moja. Mara ya mwisho alimuvunja mukono, na familia ikasema, "Arudi kwake, ndoa ni kuvumilia." Mimi sikuvumilia. Nilimupandisha gari la watu wengine, akaenda kwenye muji fulani ambao sitautaja. Sasa anafundisha wasichana kushona, na anacheka tena. Adresi yake tuliijua sisi wawili tu, na ni mimi niliyeiharibu.

Sisi washonaji tuko na chama, na chama kina gazeti dogo, karatasi za kupigwa mashini na kuzidishwa, zinatumwa kwa posta kwa kila memba: mitindo, maswali, nani anauza mashini yake. Mudogo wangu alitaka kulipata. Karatasi zilikuwa haba, donc niliandika upande mumoja swali langu juu ya kola, na upande wa pili maneno ya siri kwa Papa Sekretere wa chama: "Papa, tafazali, mumutumie mudogo wangu gazeti. Jina lake ni hili, anakaa kwa fulani, nyuma ya duka fulani. Bwana yake asijue." Mupiga-mashini akapiga pande zote mbili. Hata ile "asijue" aliipiga! Niliisoma kwenye ukurasa wa sita, nikakaa chini.

Nilizunguka kwa memba wa Tshopo kuomba karatasi zao. Wengine walinipa, wengine waliuliza juu ya nini. Moja niliikuta imeisha kukatwa kuwa kipimo cha kola, nikashukuru Mungu. Zile za mbali zilikuwa zimeisha kwenda, sikuwa na la kufanya. Lakini iliyonitisha zaidi ni ile ya klaseri. Chama kinapanga kila namba ya gazeti ndani ya klaseri moja kubwa ya kufungia karatasi, juu ya meza ya bilo yake, ofisi ya chama kule Lubunga ngambo ya mto, na mutu yeyote anaingia na kusoma. Hata dereva.

Nikavuka na pirogi.

"Papa, nakuomba utoe ukurasa huu."

"Citoyenne, arshive ni kumbukumbu ya chama, haiguswi."

"Basi ufute mistari mitatu tu."

"Bon. Marekebisho yanaruhusiwa. Lakini statuti, sheria ya chama, inasema kila marekebisho yatangazwe kwenye namba inayofuata."

"Yatangazwe namna gani?"

Akavaa miwani. "Tutaandika hivi: adresi ya citoyenne fulani, iliyotoka kwenye ukurasa wa sita, iko ya siri. Memba wasiiangalie."

Weee! Nilicheka, na si kwa furaha. Nikamuuliza kama ana akili ao ana muhuri tu. Alikasirika vibaya. Mwishowe akasema komite ikikubali kwa sahihi, atapaka wino mweusi bila kutangaza. Ilinichukua juma tatu kupata sahihi zile, na kila aliyetia sahihi alitaka kwanza kuelezwa kisa chote. Hesabuni ninyi wenyewe ni masikio mangapi.

Nikarudi Lubunga. Papa Sekretere akafungua klaseri. Ukurasa wa tano. Ukurasa wa saba. Wa sita ulikuwa umekatwa kwa wembe, safi kabisa.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi? Ningekata, sahihi ningezitafuta za nini?"

"Za kunifumba macho."

Nilimuangalia sana mubaba yule. Pengine ni yeye, kwa kuficha haya yake. Pengine ni mumoja wa komite, kwa huruma. Ndani ya pirogi nilijiambia hivyo, nikaamini nusu.

Alors, sikilizeni. Tangu mudogo wangu akimbie, shemeji hajapita mulangoni kwangu bila kuuliza. Kila akitoka safari: "Bibi yangu iko wapi?" Anapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Miezi nane hivyo. Siku ya Mungu iliyopita alikuja tena. Aliniletea samaki. Akasalimia watoto kwa majina, akaniambia nimekonda, nipumzike. Akanywa maji, akaenda.

Hakuuliza.

Sasa naogopa, naogopa kabisa. Kama ni yeye aliyekata karatasi, nyumba anaijua, anangojea tu siku yake. Kama si yeye, basi amesikia ninavyohangaika, na amenyamaza ili nikimbie kumuonya mudogo wangu, naye anifuate nyuma. Juzi nilibeba mufuko wangu mpaka mahali pa kupanda gari. Lori yake ilikuwa imesimama ngambo ya barabara, yeye mwenyewe simuoni. Nikarudi nyumbani. Kuandika barua, siamini tena mukono wa mutu. Kutuma mujumbe, nimutume nani, komite? Gazeti lenu ninyi shemeji halisomi. Niliuliza kabla ya kushika kalamu.

Na mudogo wangu hajui kitu. Sijamuambia kosa langu, naona haya. Juma iliyopita aliniandikia mimi dada yake mukubwa: "Yaya, huku ni salama sana, siku hizi sifungi tena mulango."

Nishaurini, ninyi musionijua. Nikienda, pengine ni mimi nitakayemufikisha yule mwanaume pale. Nikibaki, mulango uko wazi. Nifanye nini? Mujibu upesi, tafazali. Shemeji anasafiri kila juma mbili, na safari inayofuata iko karibu.