Baruti ya Mgodini

Mwaka jana nilikwenda Kishapu kwenye harusi ya binti wa ndugu yangu, nikapakuliwa mchuzi wa kanga wa porini. Nikiwa natafuna, jino likagonga kidonge cha risasi. Wenzangu walicheka, wakaniambia niteme. Nilikitema, lakini hamu ya kula ilikuwa imeshaniisha, maana nilikuwa nimemkumbuka jirani yetu wa zamani, na huyo mtu kila nikimkumbuka damu hunichemka.

Wewe hukumjua babu yangu, basi ngoja nikusimulie. Miaka ya sabini alikuwa na bunduki kuukuu ya mitutu miwili, kitako chake kimefungwa kwa ngozi ya ng'ombe, na kwayo aliwafukuza kanga waliofukua mbegu za mtama wetu. Bunduki ilikuwa imezeeka kuliko baba yangu, kwa hiyo babu aliichagulia risasi kama mtu anayemchagulia mgonjwa chakula. Alitaka zile fupi za ganda la karatasi, zenye baruti ya kiasi, kutoka duka la Mhindi mmoja pale Shinyanga mjini. Zile ndefu za kisasa alizirudisha hata akipewa bure. "Hizo wape bunduki za vijana," alikuwa akisema.

Jioni alizimwaga kwenye ungo wa bibi, nami nikamshikia huku akizipapasa moja moja. Iliyovimba kwa unyevu aliitupa. Iliyoonekana kufunguliwa na kufungwa upya ndiyo aliyoiogopa kuliko zote, hakutaka hata ilale ndani ya nyumba. Bibi alinung'unika kwamba ungo wake unanuka mafuta ya bunduki, lakini nyama ya kanga ilipochemka kwenye karanga hakunung'unika tena.

Kisha bidhaa zikaadimika, hata kwa Mhindi hakukuwa na risasi. Kanga wakajaa shambani. Ndipo jirani yetu aliporudi kutoka kuchimba dhahabu huko Geita. Alikuja kwetu, akala ugali akashiba, halafu akatoa risasi mfukoni.

"Za dukani hizi, baba," alisema. "Nimezinunua mwenyewe. Ukipata kanga, utanikumbuka."

Kwetu, kukagua zawadi mbele ya mgeni aliyetoka kula chakula chako ni kumwita mwongo. Babu akashukuru, na palepale, wakiwa wamesimama wote wawili, akatia moja kwenye bunduki wakaenda shambani.

Mlio niliousikia haukuwa wa bunduki ile. Tulimkuta babu amekaa kwenye matuta, mtutu umepasuka, vidole vya mkono wa kushoto havipo. Jirani alikuwa ameshakimbia. Mjomba wangu alipozifungua zile zilizobaki, akakuta ni maganda yaliyokwisha kutumika, yamejazwa baruti ya kupasulia miamba mgodini.

Wazee walimtenga. Hakuna aliyemsalimia, hakuna aliyempa moto wala kumsaidia palizi. Baada ya mavuno alikuja na dume la ng'ombe kuomba kurudishwa, akapiga magoti mbele ya bibi.

"Mayo," alisema, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "nilidhani baruti ni baruti."

"Mbona wewe mwenyewe hukuipiga hiyo risasi?" bibi akamuuliza.

Wazee walitaka yaishe, dume lichinjwe, watu wale. Babu mwenyewe alikuwa tayari. Bibi akakataa katakata.

"Dume mrudishie mkeo. Mzee wangu hawezi tena kukamua. Utakuja wewe, kila alfajiri, akukalie mbele akutazame."

Akaja. Masika na kiangazi alichuchumaa kwenye mavi ya ng'ombe wetu, na babu juu ya kigoda, mkono wake ule umelala pajani. Niliamka mapema makusudi nikamwone. Ng'ombe akimpiga teke, nilifurahi siku nzima, nakwambia kweli. Siku babu alipoanza kucheka naye nililia kwa hasira, na bibi, aliyekuwa akisukasuka kibuyu cha maziwa, aliniambia ninyamaze, yeye hajasahau.

Babu alipokufa, asubuhi baada ya maziko jirani alikuja kama kawaida, akakamua, akamletea bibi maziwa. Bibi aliyapokea, akayamwaga chini mbele ya miguu ya jirani. "Sasa nenda," akasema.

Leo zizi lile ni shamba la pamba, na ile harufu ya samadi na moshi wa asubuhi haipo tena. Bibi hayupo, mjomba hayupo, wazee waliomtenga wamekwisha wote. Jirani naye alizikwa kwa heshima kubwa. Watoto wa pale wamefundishwa kumsifu: mtu mwema, wanasema, alimkamulia mzee kilema ng'ombe wake mpaka mwisho bila kudai chochote. Wananiambia hivyo mimi, tena wakitabasamu, wakidhani nitafurahi. Anayejua kilichomlemaza mzee nimebaki mimi peke yangu, na sasa wewe. Wasimulie wengine.