Fimbo za Setelaiti

Mume wangu alipigwa fimbo kumi na mbili kwa sababu ya hesabu yangu. Miaka hiyo ya Zaïre, katika Base ya Kamina, kambi ya jeshi, askari aliyepigwa alizihesabu fimbo mwenyewe kwa sauti. Akikosea, wanaanza upya.

Yeye alikuwa mtu wa redio, nami nilifundisha hesabu shule ya msingi. Redio ya ng'ambo ikatangaza kwamba setelaiti moja iliyokufa inashuka na itaanguka, haijulikani wapi. Komanda akataka siku na saa. Mdomo huponza kichwa: mume wangu, kwa kupenda sifa, akaahidi. Basi kila alfajiri alisimama uani. Nuru ya setelaiti ikivuka juu ya hanga la ndege alinigongea mlango, nami ndani nikaandika saa. Nikaona inatangulia dakika ngapi kila siku, nikapiga hesabu, nikamwambia: Alhamisi, adhuhuri.

Hesabu ilikuwa safi, na ilikuwa ya kijinga. Nilidhani hewa ya huko juu inaivuta kwa nguvu ile ile kila siku. Kumbe kadiri inavyoshuka hewa inazidi kuwa nzito, nayo setelaiti inakimbilia chini upesi zaidi. Tangu Jumapili kulikuwa na mawingu, hatukuona kitu, na mimi sikutaka kubadilisha neno langu.

Alhamisi komanda alituingiza wote kwenye mitaro, askari, wake na watoto, mvua ikitupiga mpaka jioni. Redio haikuwa na betri tangu Jumatatu, betri mpya zikaja na treni jioni hiyo. Ndipo tukasikia setelaiti ilianguka baharini Jumanne. Mtaro mzima ulimcheka komanda, na kicheko hicho ndicho kilichomchana mume wangu mgongo.

Alilazwa kifudifudi kwenye matope. Alihesabu vizuri, sauti ikikatika, damu ikilowesha suruali. Nilimchukia komanda hadi meno yakaniuma. Ilipofika kumi na mbili sikuweza tena kunyamaza, nikakaza kikwembe changu kiunoni nikasogea mbele.

"Komanda, ni miye njo nilifanya ile hesabu."

"Mwanamuke atajua nini mambo ya satelite?" Akamgeukia mwenye fimbo. "Muongezee fimbo ine. Anajificha mu kikwembe ya bibi yake."

Mume wangu akahesabu hadi kumi na sita. Nyumbani nilimwosha mgongo kwa maji ya chumvi.

"Kumi na mbili ilikuwa ya satelite," akasema. "Ile ine ilikuwa ya kinywa yako."

Nikakamua kitambaa, maji yakawa mekundu, nikaendelea.