Tembo Waliorudi Nyavuni

Wavuvi wa Rumonge, mji wetu wa ziwani, walisema sitaweza. "Mwalimu, weye iko na diploma, lakini risasi ya nyavu haitageuka tembo," aliniambia mzee mmoja mwenye mtumbwi, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa nimewaomba waniazime vile vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu. Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaane, na nyavu zilikaa bure. Nikawaahidi kwamba ziwa likifunguliwa kila mtu atapata risasi yake.

Niliweza. Mtu aliyejisomesha akiwa mkimbizi Tanzania mpaka akapata diploma ya ualimu, akarudi na begi moja akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, hashindwi na udongo na moto. Nilifinyanga kalibu, nikayeyusha risasi kwenye babula ya makaa uani, nikatoa sanamu ndogo za mchezo wa vita: Warumi wenye ngao, Wakarthago, wapanda farasi, na tembo ambao hata waliocheka walikuja kuwagusa. Toka Gitaza mpaka Nyanza-Lac hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Mchezo wenyewe mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulifundishwa ukimbizini na mzungu mmoja aliyekuja kujitolea. Ni vita vya kale vinavyopiganwa mezani: unapanga jeshi, unapima mwendo kwa rula, dadu inaamua nani anakufa. Wakati ule tulitumia posho. Mahindi yalikuwa Warumi, maharagwe Wakarthago, na jioni majeshi yote mawili yaliingia sufuria moja. Rumonge nzima tuliojua kuucheza tulikuwa sisi wawili. Walimu wenzangu nilijaribu kuwafundisha, wakaniambia nitafute kazi.

Kwa sheria zake, kila jeshi lina kambi ya mizigo nyuma, na adui akiiteka umeshindwa hata kama askari wako wote ni wazima. Shemeji alicheza Karthago, na kila Jumamosi alirudia kosa lilelile. Tembo wote aliwapanga kuizunguka kambi, wakasimama pale bila kazi.

"Shemeji, tembo ni wa kushambulia!"

"Wakishambulia, nyumbani anabaki nani?"

"Hii ni meza, bwana."

"Na sisi tulipokimbia tuliambiwa ni safari ya siku mbili. Cheza."

Kisha ziwa likapanda. Maji yaliingia uani kwa shemeji, halafu chumbani, mpaka kuta za matofali mabichi zikakaa chini. Nilimchukua kwangu na familia yake, vyumba ninavyo. Kila asubuhi aliniambia "murakoze", yaani asante, kama mgeni, na sikupenda kuisikia.

Jumamosi moja alipanga jeshi lake nikaona kambi iko tupu. Tembo wote walikuwa mbele.

"Umesahau kambi."

"Sikusahau. Tupa dadu, shemeji."

Farasi wangu walizunguka wakaiingia bila kupigana. Nilikuwa nimeshinda. Yeye alikuwa anawakusanya tembo mmoja mmoja.

"Tunarudi Tanzania," akasema. "Kuna mtu atatupa pa kulima."

"Kwa karatasi gani?"

"Kama zamani."

Nilimwambia nina shamba la michikichi Kizuka, achukue nusu, ajenge huko juu, maji hayafiki. Nilisema mengi, mimi huwa sikosi maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimejenga mara tatu," akasema. "Ya nne sina nguvu nayo."

Waliondoka kabla ya Jumamosi nyingine. Nilipanga meza peke yangu, nikacheza Roma, nikazunguka nikacheza Karthago, nikaacha katikati.

Ziwa lilipokaribia kufunguliwa, mzee wa mtumbwi alikuja mwenyewe akasema nibaki na tembo, yeye atatafuta risasi nyingine. Nikakataa. Ningebaki nao nicheze na nani? Niliwasha babula niwayeyushe wote. Warumi walizama kwanza. Tembo niliwaweka mwisho, mkonga ukalainika, kisha masikio, kisha sikuona tena tembo.

Nilimimina vipande upya, nikawafuata wadai wangu wote ufukweni, mmoja mmoja, na hakuna aliyepungukiwa. Wa mwisho alikuwa yule mzee. Alipima risasi yake kwa kiganja.

"Iko sawa, mwalimu. Na tembo iko wapi?"

"Unaye mkononi."

Aliigeuza, akaitazama kidogo, akaifunga kwenye wavu.