Marahaba ya Tatu

Cheka ukitaka. Hata mimi ningecheka kama ningesimuliwa na mtu mwingine, maana nilikuwa bingwa wa kucheka mambo ya majini na mizuka. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, tena si usiku. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, jua la utosi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ukumbuke umri huo, kwa sababu ndio uliokuwa unawindwa.

Nilikuwa nasoma katika chuo kimoja cha kuwaandaa wanasiasa, nje ya mji wa Bagamoyo, kwenye shamba la zamani la mkonge. Tulilala hukohuko miezi mitatu, sisi wanawake katika jumba alilokuwa akikaa meneja wa shamba. Tulifundishwa kuhutubia, kuendesha kikao, kupunga mkono, hata kula mbele ya kamera bila kujipaka mchuzi. Tuliitana "mheshimiwa" mpaka bafuni. Ila kilichonilevya zaidi ni kuamkiwa. Wafagizi na watunza bustani, watu wa umri wa baba yangu, walitupa shikamoo. Si unaijua nchi yetu? Cheo kikiingia, umri unatokea mlango wa nyuma. Wiki ya kwanza niliona haya, nikawa naitikia kwa kunong'ona. Wiki ya tatu nilikuwa nasema "marahaba" bila hata kugeuza shingo.

Aliyegoma alikuwa mmoja tu, mpishi wetu Bi Mwanahawa, mama wa pale pale mjini Bagamoyo. Wote alituita "mwanangu," na mimi, kwa ufupi wangu huu, aliniita "kitoto." "We kitoto, mbona wali hujamaliza?" Mbele ya wenzangu! Nikaenda kumshtaki kwa mlezi wa wanafunzi, akaonywa. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, sikufichi.

Ijumaa hiyo wanaume walikuwa wamekwenda kuswali, na wenzangu wengi wamelala. Jumatatu ilikuwa zamu yangu kuhutubia mbele ya wageni, na sauti yangu ilikuwa na tabia ya kukatika. Nikaacha chakula mezani, nikaenda kufanya mazoezi kwenye banda walimokuwa wakichakata mkonge, nyuma kabisa ya shamba. Mashine zilishang'olewa zamani, limebaki bati na sakafu. Nikapanda juu ya msingi mrefu wa saruji ulioachwa na mashine, nikaanza, "Ndugu wananchi!"

Nilipofika kwenye ahadi ya maji nikamwona bibi mmoja ameketi chini, karibu na nguzo. Kizee hasa, amejifunga kaniki, mgongo umepinda mpaka kidevu kinakaribia magoti. Nikadhani ametoka kijiji cha jirani kuokota kuni. Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi, nimepata msikilizaji! Nilipomaliza akapiga makofi taratibu, akainuka kwa shida, akaja mpaka miguuni pangu.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Mtu aliyelelewa angefanya nini? Angeshuka mbio, angesema, "La, bibi, mimi ndiye wa kukuamkia." Mimi nilisema, "Marahaba."

Baridi ikanipanda kuanzia nyayoni. Nikatazama chini. Bibi alikuwa ameinama, ameishika miguu yangu kwa mikono miwili, kama neno lenyewe linavyosema. Katika joto lile la banda, mikono yake ilikuwa kama imetoka kisimani.

"Shikamoo," akarudia. Sauti haikuwa tena ya kizee, ilikuwa ya mama wa makamo. Ulimi wangu ukaitikia wenyewe, "Marahaba." Ni mazoea, ndugu yangu. Mazoea yana taabu.

Magoti yakaanza kuniuma. Nikaitazama mikono yangu, ngozi imelegea, mishipa imesimama. Naye huku chini anajinyoosha. Shingo inajaa, mashavu yanajaa, akaniinulia uso akitabasamu, na meno ambayo hakuwa nayo yalikuwepo yote. Ndipo nikaelewa ananifanyia nini. Niliogopa, wallahi niliogopa hadi nikahisi mkojo. Nikavuta mguu, haukutoka mikononi mwake. Nilijua akitamka mara ya tatu nitaitikia, maana neno lilikuwa limeshakaa ulimini.

"Shika..."

"We kitoto!"

Alikuwa Bi Mwanahawa, amesimama penye mlango, mwiko mkononi. "We kitoto, nani kakwambia utoke na wali hujala? Shuka hapo! Mtoto mdogo wewe, jana tu umeachishwa ziwa!" Alikuja huku akinitukana utoto wangu wote, na kila aliponiita mtoto ile mikono ililegea miguuni pangu. Nikaanguka. Nilipoinua kichwa tulikuwa wawili tu mle bandani.

"Umemwitikia mara ngapi?" akaniuliza.

"Mbili."

Akajishika kifua. "Mama yangu alikata mkonge hapa, alituonya. Ya tatu usimpe, mwanangu. Hata akujie kwa sura ya nani, usimpe. Kwa ya tatu anachukua yote."

Nikamwomba radhi pale pale, nalia kama mtoto kweli. Akanifuta uso kwa upande wa kanga yake, akasema, "Nilikwita kitoto kwa kuwa ni kitoto. Sasa inuka, wali unapoa."

Siasa niliiacha wiki ile ile. Leo nina miaka ishirini na nane, na nywele zangu za mbele ni nyeupe. Kupanda ngazi nashika ukuta. Juzi sokoni muuza samaki, mwanamume mwenye ndevu zake, aliniita bibi, na hakuwa akitania. Hiyo ndiyo bei ya marahaba mbili.

Lakini siyo hayo yanayoninyima usingizi. Mwaka jana nilikwenda kijijini kwetu Fukayosi kumwona mama. Nikapiga hodi. "Karibu," mama akaitika kutoka ndani, na kikohozi chake kilekile. Nikafungua mdomo nimwamkie, akaniwahi. "Shikamoo, mwanasiasa wangu!" Mama yangu ni mtu wa utani sana. Nikacheka, na midomo ilishaanza, "Mara..."

"Mbona umeganda mlangoni?"

Mama alikuwa nyuma yangu, jembe begani, anatoka shamba. "Ingia tu," akasema, "ndani hamna mtu."

Kwa hiyo wewe uliyepata cheo, au unayekitafuta, mzee akikuamkia shuka umwamkie yeye kwanza, usione haya. Mimi siitikii tena salamu hiyo, kwa yeyote. Watoto watatu wa kaka yangu wakinipa shikamoo nanyamaza, nao wanakwenda kumwambia mama yao kwamba shangazi ana kiburi. Wacha waseme. Wana sauti nzuri wale watoto, na kila wanaponiamkia nageuka kwanza kuhesabu wapo wangapi.