Mwiko Haulali: Losheni Yetu ya Msangano

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Mnacheka? Chekeni tu. Nilikuwa nimetoka chuo cha maendeleo ya jamii, nimepangiwa Iyula, kule milimani, na kichwani mwangu kazi ya serikali ilikuwa meza, kiti na feni. Mkubwa wangu wa kwanza, Bibi Maendeleo wa Wilaya, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akaingia stoo, akatoka na sufuria mbili na mwiko.

"Ofisi yako hiyo," akasema. "Meza utaikuta huko huko kwa akina mama."

Watu walituita Bibi Maendeleo sote, mkubwa kwa mdogo, hata mimi niliyekuwa sijafikia umri wa kuitwa bibi wa kitu chochote. Kazi yetu ilikuwa kufundisha vikundi vya wanawake kutengeneza vitu vya kutumia na kuuza. Wenzangu walipenda batiki, wengine mikate. Mimi nilishikwa na losheni ya mwili. Anayeijua Iyula mwezi wa sita na wa saba hataniuliza kwa nini. Baridi ile, na upepo wake, inakausha ngozi mpaka unaweza kuandika jina lako mguuni kwa ukucha. Watoto walikwenda shule wamepauka kama waliokanyaga unga, na mama aliyekuwa na mafuta ya kupikia aliwapaka hayo hayo, wakanuka maandazi hadi saa ya kutoka.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana wajukuu zangu wa siku hizi mnatazama video fupi kwenye simu, halafu mnaniletea kitu kama mchuzi uliolala, mafuta juu na maji chini, mkiniuliza, "Bibi, nimekosea wapi?"

Losheni ni maji na mafuta yaliyokubali kukaa nyumba moja. Yenyewe hayapendani, kwa hiyo lazima awepo wa kuyapatanisha, naye ni nta ya kuchanganyia, zile chenga nyeupe zinazouzwa kwenye maduka ya malighafi za sabuni. Akina mama wa Iyula waliipa jina la mshenga, nami sijawahi kupata jina zuri zaidi. Sufuria ya kwanza ni upande wa mafuta: mafuta ya parachichi au ya alizeti, huyo mshenga, na nta ya nyuki kidogo ya kuipa uzito. Sufuria ya pili ni upande wa maji: maji yaliyochemka, na glisirini, ule utomvu mzito usio na rangi unaovuta unyevu ukae kwenye ngozi. Kila sufuria unaiketisha ndani ya chombo kipana chenye maji ya moto, isiguse moto wenyewe. Vyote vipate joto sawasawa. Hapo unamimina kimoja ndani ya kingine polepole huku unakoroga, na utaona kinageuka cheupe kama maziwa. Haki ya Mungu, nimefanya hivyo maisha yangu yote na bado nikiona kinageuka moyo unaruka.

Sasa hapo wengi ndipo wanapopiga makofi na kwenda kunywa chai. Thubutu! Ukimaliza kumimina ndio kwanza kazi imeanza. Unakoroga mpaka ipoe. Ikifika vuguvugu unatia kihifadhi, yaani dawa ya kuzuia ukungu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, pamoja na manukato kidogo, unaendelea kukoroga, ndipo unajaza chupa zilizochemshwa. Na anayewaambia losheni yenye maji haihitaji kihifadhi kwa sababu ni ya asili, mwambieni hata ukungu ni wa asili.

Ukiacha mwiko kabla haijapoa, inakatika. Maji yanakwenda zake, mafuta yanakwenda zake, na mshenga anabaki na aibu.

Iyula sikukatikiwa hata mara moja. Baridi ilinisaidia, sufuria inapoa upesi na mkono hauchoki. Nikajiona fundi. Nilivimba kichwa, sitaki kuwaficha, na nilikuwa na haki ya kuvimba. Bibi Maendeleo wa Wilaya akanifuata na barua ya uhamisho.

"Baridi imekubeba vya kutosha," akasema. "Sasa nenda Msangano, joto likupime."

Msangano ni bondeni, Momba huko, nchi ya alizeti, ufuta na ng'ombe. Nta ya nyuki ya huko ni ya dhahabu, nikaona nimefika peponi. Mtendaji wa Kata, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alitupa chumba kimoja cha ghala la zamani. Kikundi kikaanza. Humo ndimo nilimokutana na Rehema, binti aliyeolewa mapema, mwenye watoto na mikono isiyochoka. Siku ya pili tu aliniambia, "Dada, nyumbani kila kitu ni cha mume au cha mkwe. Hapa ndipo pekee ninaposema changu." Maneno hayo yaliniingia.

Tukapika losheni ya kwanza. Ikakatika. Ya pili, ikakatika. Jamani! Nikailaumu nta. Nikayalaumu maji, nikasema yana chumvi, tukakinga ya mvua. Ikakatika. Nikamlaumu mwenye duka aliyeniuzia mshenga. Nyumbani kwangu, peke yangu, kwa nta hiyo hiyo na maji hayo hayo, ilitoka laini kama malai. Nikiileta kikundini, inakatika.

Mtendaji akaja, akachungulia sufuria, akanusa.

"Bibi Maendeleo, hii ni losheni au supu?"

"Ni losheni, mzee. Tunaitafuta."

"Itafuteni upesi. Mkubwa wako anakuja wiki ijayo kukagua, na kuna watu wanakitaka chumba hiki wahifadhi dawa za mifugo. Ikikatika mbele yake, chumba nakichukua. Wala sitawakasirikia, lakini nakichukua."

Nilimtazama Rehema. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta mwiko uliokuwa safi tayari.

Siku iliyofuata sikushika chochote. Nilikaa kwenye gunia pembeni, nikawaachia wapike, mimi nikatazama tu. Wakamimina, ikageuka nyeupe, Rehema akawa anakoroga vizuri kabisa. Mlangoni akapita mzee wa kanisa. Rehema akaweka mwiko chini, akapiga magoti, akapiga makofi mepesi, akamsalimia, akaulizwa hali ya watoto, akajibu, akaulizwa mvua, akajibu. Akarudi kukoroga. Akaja mama mmoja mtu mzima kuomba moto. Mwiko chini, magoti, makofi, habari za nyumbani, habari za shamba. Akapita Mtendaji. Mwiko chini. Kule Iyula sufuria ilipoa kabla mgeni hajafika, lakini joto la Msangano lilitukalisha kwenye mwiko nusu ya asubuhi, na kila mpita njia alikuwa na haki yake ya salamu.

Nilicheka mpaka wakadhani nimepagawa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuwa anakuja, mwenyeji anapona, losheni inakufa!

"Kuanzia leo," nikawaambia, "anayekoroga hainuki. Aje nani, asije nani. Asalimie kwa mdomo, mkono uendelee."

Ningekuwa nimewaambia wavue nguo sokoni wangenielewa zaidi. Kwao mwanamke aliyeolewa kumsalimia mtu mzima akiwa ameketi, tena ana mwiko mkononi, ni kumtukana. Lakini chumba walikitaka. Wakakubali kwa shingo upande.

Na Mungu naye ana mzaha wake. Mgeni wa kwanza baada ya amri yangu alikuwa Mama Nambeye, mama mkwe wa Rehema, bibi wa Kinamwanga mwenye mgongo ulionyooka na ulimi ulionyooka zaidi. Akasimama mlangoni, anangoja. Rehema akakoroga. Jasho lilimtoka. "Shikamoo, mama," akasema bila kuinuka.

Mama Nambeye hakuitika. Alimtazama, akanitazama mimi, akaniambia, "Ninyi ndio mnaotufundishia wake za watoto wetu ujeuri kwa mafuta." Akaondoka. Losheni ile haikukatika, na hakuna hata mmoja aliyefurahi. Jioni Rehema akaletewa ujumbe wa mkwe wake kwamba asikanyage tena kikundini.

Asubuhi nikaenda kwa Mama Nambeye. Nilipiga magoti uani mwake, kwenye vumbi, na sketi yangu ya ofisi, nikapiga makofi kama wanavyopiga wao. Aliniacha hapo kitambo. Halafu akasema, "Sema, binti wa serikali."

Sikumpa hotuba. Nilimwambia, "Mama, kuna kitu kinachokufa mtu akiinuka katikati. Njoo ukione kwa macho yako. Ukiona nimekudanganya, nitamrudisha Rehema nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe."

Akatafuna midomo. "Nitakuja. Lakini sitakuja kusalimiwa na mtu aliyekaa."

Siku ya ukaguzi ikafika. Tukamimina, ikageuka nyeupe, Rehema akawa kwenye mwiko, kwa ruhusa ya siku moja aliyopewa na mkwe wake. Mama Nambeye aliketi karibu yake kwenye kigoda, anatazama sufuria kama anayetazama mwizi. Nje gari likasimama. Bibi Maendeleo wa Wilaya akaingia, Mtendaji nyuma yake, na diwani. Wanawake wote wakashuka magotini kwa pamoja. Nami nikamwona Rehema: magoti yanajikunja yenyewe, mwiko unatoka mkononi. Mkwe wake yupo pale pale anamtazama! Angefanyaje? Sufuria ilikuwa bado ya moto. Nikajua chumba kimekwenda.

Mwiko haukufika chini. Mama Nambeye aliudaka.

"Lete huku," akasema. "Wewe kasalimie wageni kwa adabu. Mimi ni mzee, nasalimiwa nikiwa nimekaa."

Akakoroga! Rehema akapiga magoti yake, akapiga makofi yake, akamaliza habari zote za safari na za watoto, akarudi, akaupokea mwiko kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. Wala sufuria haikujua kwamba mtu amebadilika. Mimi msomi wa chuo nilikuwa nimewaletea amri ya kuvunja salamu, na bibi yule akatupa njia ya kubaki na salamu na losheni pia. Tukaifanya sheria ya kikundi: mwiko haulali, unapokelewa.

Ilipopoa, Bibi Maendeleo wa Wilaya alichovya kidole, akajipaka nyuma ya mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa mchoyo wa sifa, mama yule. Akamgeukia Mtendaji.

"Dawa za mifugo zitafutieni mahali pengine," akasema.

Weee! Vigelegele vya siku ile ng'ombe walivisikia malishoni. Nililia, na sioni haya. Mama Nambeye yeye alikuwa anajipaka miguu, kimya kimya, hadi kwenye magoti. Rehema hakukatazwa tena. Tena ilifika mahali tukawa tunamwomba mkwe wake apumzike, hataki.

Baadaye nilihamishiwa Tunduma, na huko ndiko nilikomalizia utumishi. Mpakani ni kelele, malori, fedha za nchi mbili, na kila meza ina krimu za kung'arisha uso ambazo mwisho wake mnaujua: uso una rangi yake, vidole vina rangi yake. Afisa Biashara alinicheka nilipopanga chupa za Msangano katikati ya vitu vile. "Yako haing'arishi, nani atanunua?" Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akina mama wa Zambia waliovuka kununua bidhaa walijaribu mara moja mkononi. Kesho yake nikasikia "Mulishani, bamayo" kabla sijafungua hata kitambaa, ndiyo salamu yao, na nyuma ya aliyesalimia kuna wenzake. Mwisho mke wa Afisa Biashara akawa mteja wangu.

Sasa nimestaafu, na watu wananiuliza nilichokipata kazini. Nawajibu kwa hadithi ya siku ya kuagwa. Ofisi iliandaa ukumbi, viti vya plastiki, keki, kipaza sauti kinachopiga miluzi. Kundi la Msangano likaja na gari lao, Rehema akiwa mwenyekiti wake, mwanamke mzito mwenye sauti, na wakakataa kuleta zawadi iliyofungwa. "Zawadi inapikwa hapa hapa," wakasema, wakawasha jiko pembeni mwa ukumbi. Kwenye mwiko aliketi nani? Mama Nambeye, mvi tupu, mgongo bado umenyooka.

Mkuu wa Wilaya akaingia. Ukumbi mzima ukasimama. Mshereheshaji akamwona bibi mmoja pembeni ameketi, anakoroga, akamkimbilia kumnong'oneza. Mama Nambeye akamjibu kwa sauti ya kusikiwa na watu wote:

"Mheshimiwa, karibu sana. Nitakusalimia nikipata wa kunipokea."

Watu wakaangua kicheko, Mkuu wa Wilaya akiwa wa kwanza. Rehema akapiga hatua. Mama Nambeye akamzuia kwa jicho, akanielekea mimi, mwiko ameuinua kidogo tu, ncha yake bado imo kwenye sufuria.

"Binti wa serikali, njoo."

Nikaondoka meza kuu na gauni langu la sherehe, nikapiga magoti mbele yake, nikaupokea kwa mikono miwili. Yeye akainuka polepole kwenda kumsalimia mheshimiwa. Hotuba zikaanza. Nasikia walinisifu sana, wakataja Iyula, wakataja Msangano, wakataja na viatu vyangu vya kisigino. Mimi sikuzisikia vizuri. Losheni ilikuwa bado haijapoa.